Maji ya mtiririko: tope la Sabaki linavyoanzia shambani

Maji ya mtiririko ni mvua ambayo ardhi imeshindwa kuinywa, ikabaki juu na kuanza kuteremka. Mvua ya milimita 1 kwenye mita mraba 1 ni lita 1. Mvua moja kubwa ya milimita 40, basi, humwaga lita zipatazo 160,000 juu ya ekari moja. Ardhi yenye majani na mizizi hunywa sehemu kubwa ya maji hayo. Ile iliyokanyagwa na mifugo, au iliyolimwa ikaachwa uchi, hupigwa na matone mpaka vitundu vyake vikazibika na juu pakafanya gamba gumu. Hapo maji hayana pa kuingia, na yanapoondoka huondoka na udongo.

Malindi hesabu hii huonekana kwa macho. Mto Athi hutoka bara, hupita Ukambani, hukutana na mto Tsavo ukaitwa Galana, kisha huingia baharini kaskazini kidogo ya mji kwa jina la Sabaki. Wakati wa kusi, tope lake husukumwa upande wa Mambrui na Ngomeni. Kaskazi ikianza kuvuma, mvua za vuli zikiwa bado zimeujaza mto, tope hugeukia kusini, hadi kwenye matumbawe ya hifadhi ya bahari iliyotengwa mwaka 1968. Matumbawe na nyasi za bahari huishi kwa mwanga, na maji ya tope huuzuia. Tope likituama juu ya mwamba, matumbawe machanga hayapati pa kushika. Mbolea na samadi zilizosombwa pamoja na tope hulisha mwani, ukaota juu ya matumbawe na kuyafunika.

Tope jingi hutoka mbali, huko bara. Hata hivyo shamba la ukingoni mwa Sabaki lina uzito wake: udongo ukitoka pale umeshafika, hauna bonde wala kichaka cha kuukamata njiani.

Cha kushughulikia kwanza ni mwendo wa maji. Yakienda kasi hubeba. Yakipunguzwa kasi huangusha mzigo. Ndiyo maana kazi huanzia juu ya shamba, si kwenye korongo. Wengi hujaza korongo mawe na magunia, na mvua ifuatayo hupita pembeni na kuchimba jipya, kwa sababu maji ya juu bado yanakuja yote kwa pamoja.

Njia iliyothibitika katika miteremko ya Ukambani ni fanya juu: mtaro wa upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 60, udongo ukitupwa upande wa juu kufanya tuta. Kati ya mtaro na tuta acha ukingo wa sentimita 15 hadi 30; bila huo udongo hurudi mtaroni. Mteremko ukiwa wa mita 4 kwa kila 100, mitaro hukaa mita 22 hivi kutoka mmoja hadi mwingine. Ukiwa wa mita 8 kwa kila 100, ni mita 15. Tuta lipandwe nyasi, kama vile nepia, mapema katika msimu huohuo. Nyasi hushika udongo, na zikikatwa ni chakula cha ng'ombe.

Kosa linaloharibu zaidi ni kupima kwa jicho. Mtaro usiofuata usawa hukusanya maji yote mahali palipo chini, hujaa, hupasua tuta, na shamba hupata korongo ambalo halikuwapo. Ili kupima usawa, tengeneza fremu ya umbo la herufi A, ya miti miwili ya mita 2, mti wa kukata katikati, na kamba yenye jiwe ikining'inia kutoka kileleni. Simamisha fremu, tia alama pale kamba inapogusa mti wa katikati, geuza miguu ibadilishane nafasi, tia alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa ulipo: kamba ikitulia hapo, miguu yote miwili imekanyaga usawa mmoja. Mtaroni acha vizuizi vya udongo kila baada ya mita chache, vifupi kuliko tuta, ili maji yasikimbilie upande mmoja.

Kwa wafugaji, penye shida zaidi ni njia ya kwenda mtoni. Kundi likishuka popote, ukingo wote humeguka. Chagueni mteremko mmoja mpole, utandikwe mawe, na kwingine pawekwe ua wa miiba. Malishoni, hamisheni kundi nyasi zikiwa bado na urefu wa sentimita 10 hivi; zikiliwa hadi mzizi, mvua hukuta udongo mtupu. Zizi likae mbali na mkondo, na samadi irundikwe upande wa juu wa tuta.

Kanuni za maji za Kenya huitenga kando ya mto, mita 6 hadi 30 kulingana na upana wake. Kwenye Sabaki kipande hicho hutamanisha, maana ni chenye rutuba na unyevu, na mboga hustawi. Lakini ndicho kichujio cha mwisho. Kiachwe na matete na miti yake, na mbolea ya kukuzia mahindi ifukiwe kando ya mashina badala ya kurushwa juu, wala isitiwe siku ambayo wingu limeshatanda.