Udongo wenye madini ya risasi: kabla ya kushika jembe, uliza unapelekwa wapi

Kiwanda kikifungwa, majirani hupumua. Moshi umekwisha, malori yameondoka, lango limetiwa kufuli. Lakini madini ya risasi hayaozi, na jua haliyamalizi. Yaliyotua uani wakati kiwanda kinafanya kazi yatakuwepo wajukuu wakija kucheza hapo. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, wanalijua hili vizuri. Kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu mtaani kwao kilifungwa mwaka wa 2014. Mwaka wa 2020 mahakama ya mazingira iliwapa ushindi na kuagiza eneo lisafishwe, na hukumu hiyo ilirejeshwa na Mahakama ya Juu Desemba 2024, baada ya rufaa. Miaka kumi ilikuwa imepita tangu kiwanda kifungwe, na usafishaji wa udongo bado ulikuwa unadaiwa.

Hapa Kisumu si lazima kiwe kiwanda kikubwa. Karakana moja ya jua kali inayovunja betri za magari na za sola, ikamwaga asidi chini na kuyeyusha sahani za risasi zilizo ndani juu ya makaa, inatosha kuchafua nyua za jirani. Ufuoni pia, anayesubu risasi za kuzamishia nyavu kwenye jiko la nyumbani anaacha vumbi palepale watoto wanapokula chakula. Katika mitaa kama Obunga, Nyalenda na Manyatta nyumba na karakana zinagusana kuta, na hilo ndilo linalotufanya sisi wa afya ya mazingira tuzungumze mapema.

Anayeumia zaidi ni mtoto mdogo. Anatambaa, anashika chini, anatia mkono mdomoni. Utumbo wake hufyonza karibu nusu ya risasi anayoimeza, ilhali wa mtu mzima hufyonza takribani sehemu moja kwa kumi. Ubongo unaokua hudhurika bila dalili yoyote ya nje, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mama mjamzito naye ana hatari yake, hasa akiwa na uchu wa kula udongo au odowa, yaani mawe laini ya udongo yanayouzwa sokoni, kwa sababu risasi hupita hadi kwa kijusi.

Hatua ya kwanza ni kupima. Udongo wa kawaida huwa na risasi chini ya miligramu 50 kwa kilo. Marekani ilishusha kiwango cha kuanza kuchunguza udongo wa makazi kutoka miligramu 400 hadi 200 mwaka wa 2024. Chukua sampuli mahali pengi: mlangoni, watoto wanapochezea, bustanini, na chini ya ukingo wa bati, maana mvua hushusha hapo vumbi lote la paa. Pale pa kuchezea, chota sentimita chache za juu tu. Bustanini, shuka hadi mizizi inapofika. Afisa wa afya ya umma wa wadi ndiye wa kuanza naye, na Mkemia Mkuu wa Serikali ana tawi Kisumu.

Sasa kusafisha kwenyewe. Risasi hushikamana na chembe za udongo, hasa udongo mweusi mzito kama wa tambarare za Kano hapa kwetu, kwa hiyo mara nyingi hubaki sentimita 15 hadi 30 za juu. Hapo ndipo vijana wenye nia njema hukosea: wanakwangua ua wakati wa kiangazi, vumbi linaingia vyumbani, kisha wanamwaga rundo kando ya mto Auji au kwenye shimo la jirani anayejaza kiwanja. Mafuriko yakija, sumu inarudi mitaani na inaelekea ziwani. Kazi hiyo haijasafisha chochote, imehamisha tu.

Kazi iliyofanywa sawasawa huanza kwa kukomesha chanzo. Udongo hulowanishwa kabla ya kuguswa, watoto huondolewa, mafundi huvaa barakoa na kuacha nguo zao za kazi hapohapo. Lori hufunikwa turubai, na mwenye lori awe na leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ya kusafirisha taka za sumu. Shimo la kuzikia hutandikwa kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa au karatasi nzito ya plastiki, mbali na visima na juu ya kina cha maji ya ardhini. Uani hutandazwa wavu wa rangi kali, kisha udongo safi uliopimwa juu yake, ili atakayechimba baadaye ajue pa kukomea. Katika jimbo la Zamfara, Nigeria, ambako zaidi ya watoto 400 walikufa mwaka wa 2010 kwa vumbi la kusaga nyumbani mawe ya dhahabu yenye risasi, vijiji vilisafishwa kwa njia ya namna hii, ua kwa ua, na usagaji ukatakiwa utoke majumbani. Bila hilo la pili, nyua zingechafuka upya.

Tunaulizwa sana kuhusu alizeti. Nasema bila kusita: usiitegemee. Mmea hufyonza risasi kidogo mno, ingechukua miaka mingi sana, na mwishowe unabaki na mabua yenye sumu ambayo mtu atayafanya kuni.

Mifupa ya samaki ni habari nyingine. Huko Oakland, California, udongo wa mtaa wa South Prescott ulichanganywa na mifupa ya samaki iliyosagwa. Fosfati iliyomo huifunga risasi kuwa madini ambayo tumbo huyafyonza kwa shida. Mji unaouza mgongo wazi, yaani mifupa ya sangara iliyotolewa minofu, kila siku una sababu ya kulifikiria hili kwa makini, chini ya uangalizi wa maabara: risasi inabaki ardhini, kwa hiyo lazima ifunikwe, na kama udongo una aseniki, fosfati inaweza kuifungulia aseniki hiyo njia.

Wakati mnasubiri kazi hiyo, funikeni ardhi tupu kwa nyasi au kokoto. Sukuma wiki na osuga (mnavu) zipandwe kwenye magunia ya udongo safi, na kuku wasichakure udongo wa uani, kwa kuwa risasi hufika hadi kwenye yai. Pigeni deki kwa kitambaa cha maji badala ya kufagia vumbi. Omena na mboga za kienyeji huwapa watoto kalisi na chuma, na mwili wenye hivyo hufyonza risasi kidogo zaidi.

Ua ukishasafishwa, nyumba ifuate, kisha udongo upimwe tena. Damu ya watoto nayo ipimwe risasi baada ya miezi kama mitatu. Risasi isiposhuka, chanzo kingine kimo ndani, na mimi ningeanza kutafuta kwenye nguo za kazi za baba, rangi ya zamani inayobanduka mlangoni, na sufuria iliyosubuliwa kwa vyuma chakavu.