Darasa likiitikia "ndiyooo" usiamini haraka

Kazi yangu ni kukaa nyuma ya darasa nikiangalia mwalimu anavyofundisha, shule za msingi hapa Tanga, Makorora, Duga mpaka Pongwe huko, na wazazi wananiuliza sana mbona shule mbili za mtaa mmoja, watoto maisha yaleyale, moja inafaulisha nyingine kila mwaka iko mkiani. Wengi wanategemea nitasema majengo. Madawati muhimu sana, sikatai, ila mi naanza kuangalia kitu kingine: mwalimu akishauliza swali, anasubiri muda gani?

Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alilichunguza hilo miaka ya 1970 akakuta walimu wengi wanasubiri kama sekunde 1 tu, na wakivuta mpaka sekunde 3 majibu yanakuwa marefu na wale wakimya nao wanaanza kusema. Huku ni vilevile. Juzijuzi nilikuwa kwenye hesabu za sehemu, mwalimu kaandika 1/2 + 1/4, vidole vitatu vya mbele juu, kamchagua mmoja, kapata, mpigieni makofi, tumeelewa? Ndiyooo! Nikachungulia madaftari ya nyuma: 2/6, 2/6, dawati zima 2/6, na binti mmoja alikuwa na 3/4, jibu lenyewe, kaifuta ili afanane na wenzake. Namuuliza mbona hukunyoosha mkono mwanangu, ananiambia kwa sauti ya chini, "ukikosa unachapwa."

Hapo ndo mazingira ya shule yanapoingia kwenye matokeo. Mtoto anayeogopa anaficha kosa, na kosa lililofichwa mwalimu hawezi kulisahihisha, linakaa mpaka kwenye mtihani wa darasa la saba. Na kanuni za viboko za 2002 ziko wazi jamani, ni kwa utovu mkubwa wa nidhamu, mkuu wa shule au aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, visizidi 4, viandikwe kwenye kitabu. Kukosa hesabu hakumo.

Michael Rutter, mtafiti wa Uingereza, na wenzake walifuatilia sekondari 12 za London, wakatoa matokeo 1979, na ukubwa au uchakavu wa majengo haukueleza tofauti za ufaulu, kilichoonekana ni mwalimu kujiandaa, kuwahi kipindi, kusifu kazi ya mtoto, kuwapa wanafunzi majukumu.

Najua darasa la watoto 90 linachosha, walimu wangu nawaonea huruma kweli. Lakini hii haihitaji hela: kila mtoto aandike jibu lake kwanza, wewe zunguka kimyakimya, afu chukua ile 2/6 bila kutaja ni ya nani, chora boflo ubaoni. Tulianza na nusu, tukaongeza robo, sasa 2/6 ni sawa na theluthi, imekuwaje tumeongeza halafu imepungua? Waache wabishane, usiwape jibu.

Na nyie wazazi, kwenye kikao cha shule msiulize wastani peke yake, ulizeni na mtoto akikosa swali anafanywaje.