Njia ya mkato ya kibodi: kuhamisha kitufe si kubadilisha amri

Njia ya mkato ya kibodi ni kitufe, au vitufe kadhaa vinavyobonyezwa pamoja, kilichofungwa kwenye amri fulani ya programu ili usihangaike na kipanya. Ukiibadilisha, unachohamisha ni kitufe. Amri inabaki ile ile.

Hili la mwisho ndilo linalosahaulika. Kwenye ofisi za mawakala wa forodha hapa Mombasa, ambako barua pepe za shehena moja hupishana kutwa nzima, nimechoka kusikia, "Nimebadilisha shotikati ya kwenda mbele, haifanyi kazi." Ukitazama, inafanya kazi vizuri. Ila amri aliyoishika siyo aliyoitaka.

Chukua Gmail. Herufi j na k hukutoa kwenye mazungumzo moja hadi mengine. N na p hukupeleka kwenye ujumbe mmoja hadi mwingine ndani ya mazungumzo hayo hayo. Tuseme mteja ametuma hati ya shehena, mkamjibu, kisha akaleta uzito uliosahihishwa wa kontena. Yote hayo ni mazungumzo mamoja. Ukibonyeza j ukiwa katikati yake, umeshatoka, uko kwa mteja mwingine, na uzito sahihi umeuacha nyuma bila kuusoma. Ukiipa amri ya j herufi d, utarukia kule kule kwa mteja mwingine.

Hata neno "mbele" lina utata. Barua mpya hukaa juu ya orodha, kwa hivyo j, inayoshuka, inakupeleka kwenye mazungumzo ya zamani zaidi. Anayetaka mapya abonyeze k.

Herufi zenyewe hazibebi maana yoyote ya barua. Bill Joy, mtunzi wa programu, alipoandika vi, programu ya kuhariri maandishi, katika chuo kikuu cha Berkeley, Marekani, mwaka 1976, alitumia kituo cha kompyuta (skrini na kibodi yake) cha ADM-3A, ambacho mishale yake ilichorwa juu ya vitufe h, j, k na l. Mshale wa kushuka ulikuwa kwenye j kwa sababu Ctrl na j, katika msimbo wa ASCII, unaozipa herufi na amri namba za kompyuta, ni amri ya kwenda mstari wa chini. Mazoea hayo yakarithiwa na programu nyingi zilizofuata, Gmail ikiwemo. Thunderbird, programu nyingine ya barua pepe, haikuyafuata: huko F ni ujumbe unaofuata, na N ni unaofuata ambao haujasomwa. N hiyo hiyo, kazi tofauti kabisa.

Tena kuwasha si kubadilisha. Kwenye Gmail ya kompyuta, unawasha kwanza mikato ya kibodi katika sehemu ya jumla ya mipangilio. Kisha, katika sehemu ya mipangilio ya kina, unaruhusu mikato maalumu na kuhifadhi. Hapo ndipo sehemu mpya inapojitokeza, yenye kila amri na herufi yake.

Basi ndugu yangu, ukifika hapo na shida yako ni jibu linalofuata la mteja yule yule, iache j ilivyo. Soma maelezo ya amri kabla ya kutazama herufi, tafuta mstari wenye n, uupe kitufe kinachokaa vizuri kidoleni mwako, kisha uhifadhi.