Je, wajua kwa nini kompyuta "inayookoa asilimia 80 ya umeme" huokoa wati mbili tu?

Mwaka 2008 kampuni ya ASUS ya Taiwan ilitangaza kwamba mbao mama zake (bao kuu ndani ya kompyuta, ambamo vifaa vingine huchomekwa) zenye kifaa kiitwacho EPU zinaweza kupunguza umeme unaoliwa na prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, kwa hadi asilimia 80.23. Si themanini kavu: themanini nukta mbili tatu. Mtu akikutajia tarakimu mbili baada ya nukta moyo hulainika, unajiambia huyu lazima amepima. Gigabyte, mshindani wake wa hukohuko Taiwan, alikuwa na teknolojia yake iliyoitwa Dynamic Energy Saver, nayo ikijinadi kwa hadi asilimia 70.

Mwezi Mei mwaka huo Gigabyte ikawaonyesha waandishi wa habari za kompyuta wasilisho lililodai kwamba EPU ya mwenzake haifanyi kile kinachotangazwa. ASUS ikakanusha na kutishia kwenda kwenye sheria. Na hawa si watu waliokuwa wageni kwa kila mmoja. Mwaka 2006 walikuwa wametangaza ubia, na ubia wenyewe ukafa mwaka uliofuata.

Nani alikuwa mkweli? Binafsi naona swali hilo halikufikishi mbali. Liko dogo zaidi linalofungua mambo yote: asilimia 80 ya nini?

Ukifungua kasha la kompyuta ya mezani, tazama kando ya prosesa. Utaona safu ya vijidude vya mraba, vyeusi au vya kijivu, vimepangana kama meno. Hizo ni koili, na kila moja na transista zake (swichi ndogo za umeme) huitwa awamu. Kazi yake ni hii: pawa saplai inaleta volti 12, lakini prosesa inataka volti moja na ushee, basi zile transista hufungua na kufunga umeme mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde mpaka volti ishuke. Prosesa inayokula wati 60 kwa volti 1.2 inahitaji ampea 50, mkondo mkubwa kupita kwenye vitu vidogo namna ile. Ndiyo maana mzigo hugawanywa kwa awamu nne, sita, au zaidi. Joto linalopotea kwenye waya huongezeka kwa mraba wa mkondo, kwa hiyo kugawana kunapunguza hasara kweli.

Shida huja kompyuta ikikaa tu bila kazi. Kila kufungua na kufunga kwa transista kuna gharama yake ndogo, na gharama hiyo hulipwa hata kama hakuna mzigo wa maana. Awamu sita zinazohangaika kupeleka ampea chache ni sawa na magari sita yaliyowashwa kubeba abiria wanaoenea kwenye moja. Suluhisho liko wazi: zima awamu zisizohitajika, ziwashe kazi ikirudi. Hicho ndicho kampuni zote mbili zilichokuwa zinauza, na ni wazo zuri ambalo hadi leo linatumika.

Sasa tupige hesabu, kwa namba za mfano nilizozichagua ziwe rahisi. Prosesa iliyotulia inakula wati 12. Ikiwa kirekebisha volti, yaani zile awamu zote kwa pamoja, kinafikisha asilimia 75 tu ya umeme kinaochukua, kitavuta wati 16, na nne zinageuka joto. Zima awamu za ziada, ufanisi upande hadi asilimia 85: sasa kinavuta wati 14 na nukta moja. Umeokoa karibu wati mbili.

Wati mbili hizo hizo unaweza kuzitangaza namna nyingi. Ukizipima dhidi ya upotevu wa kirekebisha volti, umeokoa karibu nusu. Dhidi ya umeme wote unaoelekea kwenye prosesa, ni asilimia 12. Dhidi ya kompyuta nzima, tuseme inayovuta wati 80 ukutani, hazifiki asilimia tatu na nusu hata ukihesabu na hasara ya pawa saplai. Na kama roho yako haitosheki, linganisha prosesa iliyotulia kwa wati 12 na prosesa hiyo hiyo ikiwa kazini kwa wati 60. Hapo umeokoa asilimia 80 kamili! Hakuna aliyedanganya. Ila sehemu kubwa ya upungufu huo imeletwa na prosesa yenyewe, ambayo hupunguza kasi na volti zake ikikosa kazi, na ingefanya hivyo kwenye ubao wa kampuni yoyote ile. Neno "hadi" lililotangulia asilimia linabeba mzigo kuliko zile koili.

Kupunguza kasi nako kuna kisa chake, kwa sababu hapo ndipo watu huchanganya wati, yaani kasi ya kula umeme, na wati-saa, yaani jumla ya umeme ulioliwa. Nguvu inayotumiwa na transista zinazobadilika hufuata kasi mara volti mara volti tena; volti huhesabiwa mara mbili. Prosesa ya wati 60 ukiishusha kutoka gigahezi 3 hadi 2, na volti kutoka 1.2 hadi 1.0, itabaki na wati 28 hivi. Tangazo litasema umeokoa zaidi ya nusu, na kwa wati ni kweli. Lakini kazi iliyochukua saa moja sasa inachukua saa moja na nusu, na muda wote huo memori, diski, feni na pawa saplai viko macho. Ikiwa vinakula wati 50 kwa pamoja, kazi ya awali ilitumia wati-saa 110, na hii "ya kubana matumizi" imetumia karibu 117. Kama kompyuta inazimwa kazi ikiisha, wa polepole amekula zaidi. Kama inaachwa inangoja bure, hesabu inageuka na wa polepole anashinda. Wahandisi wamebishana juu ya hili miaka na miaka, na jibu hutegemea mashine inalala vipi inapomaliza.

Ubishi wa aina hii ni wa zamani kuliko EPU. Januari 2000 kampuni changa ya Transmeta, aliyokuwa akifanyia kazi Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, ilizindua prosesa ya Crusoe kwa ahadi ya laptopu zinazodumu na chaji kutwa nzima. Mwezi huo huo Intel ikatoa teknolojia ya SpeedStep, inayoshusha kasi na volti ya prosesa laptopu ikitegemea betri. Crusoe kweli ilikuwa na matumizi madogo. Tatizo ni kwamba kwenye laptopu ya wakati ule prosesa ilikuwa mlaji mmoja tu kati ya wengi, na kioo peke yake kiliweza kula kuliko yeye. Ukikata nusu ya fungu dogo, jumla haitikisiki. Transmeta iliacha kutengeneza prosesa baada ya miaka michache, lakini hataza zake hazikufa: mwaka 2007 Intel ilikubali kulipa dola milioni 150, na dola milioni 20 kila mwaka kwa miaka mitano, kumaliza kesi kuhusu hataza hizo.

Kisha kuna suala la nani anatunga mtihani. Mwaka 2009 AMD ililalamika hadharani kuhusu MobileMark 2007, kipimo kilichotumika kutangaza saa za betri za laptopu. Kipimo hicho kiliruhusu mwanga wa kioo ushushwe hadi niti 60 (niti ni kipimo cha mng'ao wa kioo), kiwango ambacho mtu aliyekaa karibu na dirisha asingesoma kitu, na Wi-Fi iwe imezimwa. AMD ikapendekeza zitangazwe namba mbili, ya laptopu ikiwa kazini na ya ikiwa imetulia, kama simu zilivyokuwa zikitangazwa kwa muda wa maongezi na muda wa kusubiri. Pendekezo lenye akili, lakini mwamba ngoma huvutia kwake: AMD ilijua fika kipimo kipi kingezipendeza prosesa zake.

Siku hizi uwanja wa vita ni herufi tatu, TDP. Wengi huisoma kama matumizi ya umeme. Asili yake ni kiasi cha joto ambacho kipozeo kinapaswa kuweza kukiondoa, na kila kampuni ina namna yake ya kukikokotoa. Prosesa ya AMD ya Ryzen yenye TDP ya wati 105 inaruhusiwa kuvuta hadi wati 142 kwenye soketi, yaani pale inapochomekwa, na ile ya 170 inafika 230. Intel ilikuwa ikitoa namba moja iliyopimwa kwa kasi ya chini ya msingi, huku prosesa ikiongeza kasi hupita hapo mbali. Tangu kizazi cha 12, mwaka 2021, imeanza kuandika mbili: Core i9-12900K ina wati 125 za msingi na 241 za juu kabisa. Nawapa pongezi, ingawa zilichelewa. Ukilinganisha prosesa mbili kwa TDP peke yake ni kama kulinganisha watu kwa urefu, mmoja amevaa viatu na mwingine amesimama kwenye kigoda.

Apple nayo ilichora grafu mwezi Machi 2022 kuonyesha chipu yake ya M1 Ultra ikiipita kadi ya grafiki yenye nguvu kuliko zote alizolinganisha, RTX 3090 ya Nvidia, kwa wati 200 pungufu. Tatizo ni pale mstari wa Nvidia ulipokatiwa. Kadi ile ilikuwa bado na pumzi ya kupanda juu zaidi, na waliokuja kuipima wenyewe waliikuta mbele.

Mtu anaweza kudhani nembo ya serikali ingemaliza maneno. Energy Star ya Marekani, iliyoanza mwaka 1992 na kompyuta na vioo vyake kama bidhaa za kwanza, kwa miaka mingi ilitegemea maelezo ya watengenezaji wenyewe. Mwaka 2010 wakaguzi wa Bunge la Marekani waliijaribu kwa kutuma bidhaa 20 za kubuni. Kumi na tano zikapitishwa, ikiwemo saa ya kengele inayotumia petroli, kubwa kama jenereta dogo. Baada ya hapo majaribio ya mtu wa tatu yakawa lazima.

Kwa seva, yaani kompyuta zinazohudumia kompyuta nyingine, kipimo kinachoheshimika kilitoka mwishoni mwa 2007, SPECpower_ssj2008, kilichotungwa na washindani wenyewe wakiwa meza moja. Kimejaa dalili za watu waliokwisha kufahamiana hila. Hakikubali hali moja iliyochaguliwa: seva inapimwa ikiwa na mzigo wa asilimia 100, 90, 80, hivyo hivyo kushuka, mpaka ikiwa imewashwa bila kazi yoyote. Umeme unapimwa pale seva inapouvutia, si ndani ya ubao. Hata hewa inayoingia inapimwa, na haipaswi kuwa chini ya nyuzi 20 za Selsiasi, kwa sababu chumba cha baridi hupunguza mbio za feni na umeme unaovuja kwenye transista. Na kila kilichomo ndani ya mashine lazima kiorodheshwe kwenye ripoti. Hapo ndipo pa kutazama. Ukifungua ripoti hizo utakutana na seva zenye memori kiasi cha kutosheleza mtihani tu, diski moja, na pawa saplai moja mahali ambapo mnunuzi angeweka mbili.