Eti Usipoenda Jimu Hujafanya Mazoezi

Kuna jibu ninalopewa karibu kila siku ya kazi hapa Nakuru, na limenichosha. Nampima mtu mgongo au goti, namuuliza anafanya mazoezi gani. Awe mwalimu, dereva wa matatu, mama wa duka au karani wa kaunti, jibu ni lilelile: "Daktari, mimi mazoezi siyapendi, na jimu sina muda nayo." Kisha ananyamaza, anasubiri nimkande mgongo aende zake.

Presha iko juu, sukari inamnyemelea, ngazi za hadi orofa ya pili zinamkata pumzi, lakini yeye ameshajiweka kando kwa sababu hapendi jimu. Nani alimwambia lazima aipende? Nani alimwambia jimu ndiyo njia pekee? Kazi yangu ni tiba ya viungo, na wengi wa wanaonijia na maumivu ya muda mrefu hawatawahi kukanyaga jimu, nami siwaombi wakanyage. Nawaomba wajisogeze, basi.

Naelewa dhana hii inatoka wapi. Wengi wetu tulikutana na mazoezi shuleni kama adhabu. Umechelewa asubuhi, zunguka uwanja. Umepiga kelele darasani, ruka kichura mpaka mapaja yatetemeke. Mtoto aliyepitia hayo kwa miaka minane na ya sekondari juu yake, leo ana miaka arobaini na mitano, unamwambia afanye mazoezi, mwili wake unakumbuka mateso. Halafu sisi ni watu wa Bonde la Ufa. Tulikaa mbele ya televisheni tarehe 12 Oktoba 2019 tukamwona Eliud Kipchoge akimaliza kilomita 42 na ushei mjini Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Mtu akijipima na Kipchoge, anaona heri akae.

Sasa sikiliza. Hao hao kina Kipchoge wanaojifua Iten na Kaptagat hukimbia sehemu kubwa ya kilomita zao za wiki polepole, kwa mwendo ambao wanaweza kupiga gumzo. Siku za kuumia zipo, lakini ni chache. Wewe ambaye hujakimbia tangu kidato cha nne unaanza kwa kukimbia mpaka unaona nyota, kisha kesho yake unatangaza kwamba mazoezi si yako. Ukifika pale ambapo huwezi kumaliza sentensi bila kuhema, karibu kila mtu huanza kujisikia vibaya. Hiyo si dalili ya uvivu, ndivyo mwili ulivyoumbwa. Ukibaki chini ya hapo, wengi hujisikia vizuri wakiwa katikati ya mwendo, na vizuri zaidi wakimaliza. Kipimo ninachowapa watu ni rahisi: uweze kuongea, usiweze kuimba. Ukiweza kuimba wimbo wa kwaya bila shida, ongeza mwendo. Ukishindwa hata kumjibu jirani salamu, punguza.

Na usiniambie mwendo wa kawaida hauhesabiki. Mwaka 1953 mtafiti Jeremy Morris na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya London, yale ya ghorofa. Dereva alishinda ameketi. Konda alipanda mamia ya vipandio vya ngazi za basi kwa siku akikusanya nauli. Madereva ndio waliopatwa zaidi na ugonjwa wa moyo, na vifo vyao vya ghafla vilikuwa vingi zaidi. Baadaye Morris aligundua kwamba madereva walikuwa wanene zaidi tangu walipoajiriwa, kwa hiyo si tofauti yote iliyoletwa na kiti. Lakini alipowaangalia wapeleka barua, wanaotembea na kuendesha baiskeli, akawalinganisha na makarani wa posta, aliona mambo yaleyale. Konda wa London hakuwa na viatu vya michezo wala kadi ya uanachama mahali popote. Alikuwa kazini. Ukipita stendi ya matatu hapa mjini, mtazame konda na mtazame dereva, utaelewa ninachosema.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, au 75 hadi 150 za mwendo mkali, pamoja na kazi ya misuli angalau siku 2. Zamani lilisema kila kipindi kiwe cha dakika 10 kwenda juu ndipo kihesabiwe. Mwongozo wa 2020 uliondoa sharti hilo. Dakika nne za kupanda ngazi zinaingia kwenye hesabu. Dakika sita za kutembea haraka kwenda kununua mboga zinaingia. Kumi za kufua mablanketi kwa mikono, ukikamua na kubeba maji, zinaingia pia. Kwa nini hatuambiwi hili mara nyingi zaidi, sijui, maana lingewaokoa watu wengi na hatia wasiyostahili.

Adui mkubwa wa watu wangu hapa mjini ni nduthi, yaani pikipiki ya boda. Sina ugomvi na vijana wa boda, wanatafuta riziki na nyakati nyingine wanaokoa maisha. Ugomvi wangu ni na mtu mzima mwenye miguu miwili anayechukuliwa mlangoni mwa ofisi karibu na Kenyatta Avenue na kushushwa mlangoni kwake Milimani, asubuhi na jioni, siku tano kwa wiki. Kile kilima cha kupanda Milimani ni zawadi. Moyo hautofautishi kati ya mashine ya jimu ya kutembelea iliyoinuliwa na mteremko wa mlima wetu wa Menengai. Unachojua ni kwamba misuli ya miguu inadai damu zaidi. Shuka chini, panda kwa miguu. Kama unakaa mbali, Lanet au Free Area, shuka stegi moja au mbili kabla ya yako. Kama kuna giza na njia haina usalama, fanya hivyo asubuhi, jioni panda gari. Nauli unayookoa ni yako.

Ninapokutana na mtu anayesema hapendi, humuuliza ni kitu gani hasa asichokipenda, kwa sababu dawa zake hazifanani. Kuna anayechukia kutazamwa. Huyo afanyie nyumbani, mlango umefungwa, hakuna haja ya kumpeleka kwenye vioo na muziki wa kelele. Kuna anayechoshwa na kurudia jambo moja. Huyo atafute watu: kwaya inayocheza, kucheza mugithi siku ya sherehe, mpira na watoto jioni, kundi la kupanda Menengai Jumamosi. Dada mmoja anayenijia hupiga simu zake zote za familia akitembea uani. Mamake yuko Kakamega na anapenda kuongea, kwa hiyo anapata mwendo wa kutosha. Kuna anayeogopa maumivu, na huyo ndiye ninayekaa naye muda mrefu zaidi. Na kuna anayechukia yote, kabisa. Huyo simbembelezi apende. Namwambia aunganishe mwendo na jambo ambalo lazima alifanye, afunge kiatu, aende, amalize. Hata kupiga mswaki hatukungoja kupenda.

Kisha namfundisha kiti. Wanaonijua wananicheka kwa sababu ya hiki kiti, lakini kama ningeruhusiwa zoezi moja tu kwa Wakenya wote wasiopenda mazoezi, ningechagua hili. Chukua kiti imara, kiegemeze ukutani kisiteleze. Keti karibu na ukingo. Nyayo ziwe na nafasi ya mabega na zirudi nyuma kidogo ya magoti. Kunja mikono kifuani. Inama mbele mpaka pua iwe juu ya vidole vya miguu, sukuma ardhi kwa visigino, simama wima kabisa. Sasa rudi chini polepole ukihesabu moja, mbili, tatu. Watu wengi hujibwaga hapo, na kujibwaga kunapoteza sehemu ya faida, kwa sababu kushuka taratibu nako kunajenga paja. Fanya mara nane au kumi, pumzika, rudia. Ukishindwa, weka mto juu ya kiti ili kiwe kirefu. Ukiona rahisi, kumbatia pakiti ya unga ya kilo 2. Maji ya ugali yakiwa yanachemka, au matangazo yakikatiza taarifa ya habari ya saa moja, fanya. Misuli ya mapaja ndiyo inayokutoa kitini, chooni na kwenye matatu, na ukishafikisha umri wa miaka thelathini na kitu huwa inapungua kidogo kidogo usipoitumikisha.

Mengine ninayoyasikia nitayajibu kwa haraka.

"Magoti yangu yameisha, nisitembee." Hili linanikera karibu sawa na lile la jimu. Gegedu la goti halina mishipa ya damu. Hulishwa na majimaji yanayosukumwa ndani na nje goti linapobebeshwa uzito na kuachiliwa. Ukilikalisha, paja linanyauka, na goti linabaki bila mlinzi. Mazoezi ni miongoni mwa tiba za kwanza kabisa za goti lililolika, kabla ya kufikiria upasuaji. Maumivu kidogo wakati wa mwendo yanakubalika iwapo yametulia kufikia kesho asubuhi. Likivimba au likiuma zaidi siku ya pili, punguza kiasi, usiache.

"Bila jasho hakuna faida." Jasho ni njia ya mwili kujipoza. Mtu akitembea nusu saa Kisumu, kwenye joto la ziwa, atalowa. Atembee mwendo uleule hapa Nakuru asubuhi ya Julai, shati litabaki kavu, na faida ni ileile. Kuvaa jaketi mbili au kujifunga nailoni tumboni kunapunguza maji tu, na uzito unarudi na gilasi za kwanza za maji. Kuna wanaozimia kwa ajili ya hilo. Acheni.

"Nataka kutoa kitambi peke yake." Mwili hauchomi mafuta ya pale unapopakunja. Huyachukua kote, kwa mpangilio wake wenyewe. Kulala chali na kujikunja kutaimarisha misuli ya tumbo iliyo chini ya mafuta, na ni sawa, lakini kitambi kitapungua kwa mwendo wa mwili mzima na kwa kupunguza soda na chapati ya tatu.

"Lazima nifikishe hatua 10,000." Namba hiyo ilipata umaarufu kutokana na kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, kilichoitwa Manpo-kei. Haikutoka hospitali. Utafiti wa I-Min Lee wa 2019 kuhusu wanawake wazee nchini Marekani ulionyesha kwamba waliofikisha hatua kama 4,400 kwa siku walikufa kwa kiwango cha chini kuliko waliokuwa na 2,700 hivi, na faida iliacha kuongezeka karibu na 7,500. Ukiwa kwenye 3,000, tafuta 4,000. Hiyo 10,000 isikutishe.

"Kazi yangu ni mazoezi tosha." Kwa anayesukuma mkokoteni soko la Wakulima au kulima shamba kwa jembe, nakubali, na huyo nitamfundisha kupumzika na kunyoosha mgongo. Kwa anayesimama dukani kutwa, hapana. Kusimama kunavimbisha miguu, hakuongezi pumzi.

"Mwanamke akibeba vyuma atakuwa na mwili wa kiume." Homoni inayojenga misuli mikubwa mnayo kwa kiasi kidogo sana. Beba.

"Nina sukari, nikitembea nitaanguka." Misuli ikifanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu, ndiyo maana kutembea robo saa baada ya chakula ni jambo jema kwako kuliko watu wengi. Ila kama unadunga insulini au unameza vidonge vinavyoweza kushusha sukari mno, mwulize daktari wako kwanza, na tembea na kitu kitamu mfukoni. Na yeyote anayebanwa kifua, anayehisi kizunguzungu kikali au moyo kwenda mrama akitembea, asisome ushauri wangu. Aende hospitali apimwe kwanza.

La mwisho ni la wazee, na hapa nasema na watoto na wajukuu. "Shosho amezeeka, apumzike." Mnamletea maji, mnamletea fimbo, mnamletea chai kitini, kisha baada ya mwaka mnamleta kwangu amevunjika nyonga. Kwa wenye miaka 65 na zaidi, mwongozo uleule wa Shirika la Afya Duniani unataka mazoezi yanayojumuisha usawa wa mwili, yaani kusimama bila kuyumba, siku 3 au zaidi kwa wiki. Asimame ameshika meza, ainue mguu mmoja, ahesabu mpaka kumi, abadilishe. Aende mwenyewe bandani kutazama kuku wake. Toeni mikeka inayoteleza sebuleni, wekeni taa ya njia ya chooni, na mwacheni ainuke kitini bila kuvutwa mikono.