"Sana" ya Kiswahili na ulinganishi wa Kiingereza

Kosa ninalolisahihisha mara nyingi kuliko mengine katika insha za Kiingereza zilizoandikwa na Waswahili ni "very higher". Chanzo chake nakielewa, kwa kuwa kwetu neno "sana" hukaa bila shida katika "mlima huu ni mrefu sana", na watu hulisema pia katika "mlima huu ni mrefu sana kuliko ule". Kiingereza hakiruhusu jambo hilo. Neno "very" hukazia sifa iliyosimama peke yake, kama "very high". Sifa hiyo ikishaingia katika ulinganishi, ikawa "higher" au "more expensive", kazi ya kuikazia hupewa maneno mengine, na kila neno huja na kipimo chake na mahali pake pa kutumika.

Tuchukue milima yetu. Kilimanjaro una urefu wa mita 5,895, Mlima Kenya mita 5,199, na kilele cha Margherita katika milima ya Ruwenzori mita 5,109. Pengo la kwanza ni mita 696, la pili ni mita 90 tu. Katika ripoti ningeandika kwamba Kilimanjaro ni "considerably higher" kuliko Mlima Kenya, na kwamba Mlima Kenya ni "slightly higher" kuliko Margherita. Nikizungumza na rafiki, ningesema "a lot higher" au hata "way higher" kwa pengo la kwanza, na "a bit higher" kwa la pili. Vipimo ni vilevile. Ninayezungumza naye ndiye anayeniamulia neno. "Way" mimi hulikata bila kusita katika barua ya kuomba kazi.

Neno linaloeleweka vibaya zaidi ni "much". Wanafunzi wengi hulihesabu kuwa rasmi, na wana sababu, kwani "I have much money" husikika kama maneno ya kitabuni, na Mwingereza wa kawaida angesema "a lot of money". Lakini mbele ya ulinganishi hali hubadilika kabisa: "much better" husemwa jikoni na huandikwa katika hukumu za mahakama, wala hakuna anayeshtuka. Kwa hiyo, usipokuwa na hakika na hadhira yako, "much" na "far" ni salama. Mbele ya nomino zinazohesabika, hata hivyo, sema "many more students", si "much more students".

Katika maandishi ya kisayansi nawasihi wanafunzi wangu wawe waangalifu na "significantly". Msomaji wa taaluma hizo akiona "significantly higher" hutarajia kwamba tofauti imepimwa kwa jaribio la kitakwimu. Kama hukulifanya, andika "substantially" au, bora zaidi, taja tarakimu yenyewe.

"Even" nalo hudhaniwa kuwa ndugu wa "much", ilhali halipimi pengo hata kidogo. Linakaribia "hata" yetu: hueleza kwamba kile kilichopitwa nacho tayari kina sifa hiyo. Ukiandika "even higher" unapolinganisha vichuguu viwili, msomaji ataelewa kwamba unakiona hata kile kifupi kuwa kirefu.