Wachimbaji si wasimamizi wa sheria za Bitcoin

Wengi hudhani wenye mitambo ya kuchimba, yaani kompyuta zinazoshindana kuandika miamala ya sarafu hii ya kidijitali, ndio wasimamizi wa sheria za Bitcoin. Sivyo. Mchimbaji hupendekeza bloku tu, yaani fungu la miamala mipya. Kila nodi kamili, yaani kompyuta ya mtumiaji inayoendesha programu ya Bitcoin, huikagua yenyewe. Mchimbaji akijilipa hata chembe zaidi ya zawadi halali, ambayo tangu Aprili 2024 ni bitcoin 3.125 na ada za miamala, nodi huitupa bloku hiyo na umeme aliotumia umepotea bure. Mwenye zaidi ya nusu ya nguvu za uchimbaji anaweza kuzuia miamala au kutengua yake ya karibuni (si jambo dogo), lakini hawezi kughushi sarafu. Mwaka 2017 wachimbaji wenye zaidi ya asilimia 80 ya nguvu hizo waliunga mkono SegWit2x, mpango wa kupanua bloku. Watumiaji wengi waligoma kubadili programu za nodi zao. Novemba mpango ukasitishwa.